Bei ya Upepo kwa Nyumba ya Bati

Kijiji kipya, njia ya Mkuyuni
5 Oktoba 1975

Mke wangu mdogo Regina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mumeo mzee ni mzima, isipokuwa goti, ambalo lina mambo yake na haliniombi ruhusa. Mama yako aliteremka wiki iliyopita na mkungu wa ndizi, akautua, akapanda tena. Mbuzi wa mjomba wako Athanas amezaa mapacha, na Athanas anatembea kijijini kama aliyezaa ni yeye. Wote wanakusalimu, hata wasiokukumbuka.

Sasa sikiliza. Nimehamia bondeni kama tulivyoamriwa. Nyumba ni ya bati, namba 34, imepangwa mstari mmoja na nyingine kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Maneno ndiye mwenyekiti wa kijiji, na ndiye jirani yangu. Ndiyo, Maneno yule yule aliyekuwa akiuza sumu ya panya mnadani. Alipita na kopo la rangi nyekundu, akaandika kwenye kila mlango namba na jina la mkuu wa kaya. Wangu umeandikwa BARTHOLOMEO, herufi kubwa kama kwenye gunia la kahawa. Sikatai, unapendeza.

Tabu ni bibi yako. Aliteremka siku moja kuja kuikagua nyumba. Akasimama mlangoni, akautazama mlango juu mpaka chini, akaingia, akakaa muda wa kumeza mate, akatoka. Akasema, "Bartholomeo, mimi si kunde. Sitachemshwa." Akapanda zake mlimani. Mimi nimebaki huku chini napika ugali wangu mwenyewe, na kuku wanauzunguka kwa mbali, kwa heshima.

Lakini si jambo la mchezo. Nyumba za kule juu zitabomolewa kabla masika hayajaingia, Maneno ameshatangaza. Bibi yako akizidi kukaidi atabaki chini ya mbingu, na kile kifua chake unakijua. Na kweli nyumba ni moto. Saa nane mchana bati linalia kama linakaangwa. Wewe uko Mzumbe kati ya wasomi. Waulize: nyumba kama hii hupozwa kwa kitu gani, na bei yake nini? Jibu upesi.

Mumeo,
Bartholomeo


Mzumbe
26 Oktoba 1975

Mume wangu mzee na mpishi hodari,

Milele, amina. Na shikamoo, ingawa mke hamwamkii mumewe. Mimi sijambo. Chuoni tunaendelea kuwafundisha watu wazima jinsi ya kuongoza maendeleo. Wanaandika kila ninachosema, hata nikikohoa. Mpe mjomba Athanas hongera ya uzazi, na umwambie asinyanyue vitu vizito.

Nimefanya utafiti wako. Nimeuliza watu, nimepita maduka ya mjini, na nimemwandikia mtu mmoja Dar es Salaam mwenye ubaridi mwingi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Katika majengo makubwa ya Dar, mashine moja hukaa juu ya paa na kusukuma upepo baridi ndani ya mabomba mapana ya bati yaliyofichwa darini, ukafika kila chumba. Nyumba yako ina bati, lakini si hilo. Mabomba hayo huzaliwa pamoja na nyumba. Kuyatia baadaye ni kama kumtia mtu mifupa akiwa ameshakua. Tuyaache.

Nyumba isiyo na mabomba huwekewa kiyoyozi cha dirishani. Hilo ni sanduku: nusu liko ndani linapuliza baridi, nusu liko nje linamtemea jirani joto. Jirani yako ni Maneno, kwa hiyo hapo kuna faida ya ziada. Bei ni kama shilingi elfu nne na nusu, pamoja na kibali, pamoja na kumjua mtu. Kwa mshahara wangu ni miezi kadhaa ya kufunga, na mimi si mtakatifu. Halafu kuna pangaboi, mia sita hivi, lakini lazima liwe na pa kuning'inia. Na kuna feni ya mezani, mia tatu na kitu. Feni haipozi hewa. Inaizungusha tu, kama mkutano.

Ushauri wangu: anza na feni, na bati ulipake chokaa nyeupe, lirudishe jua lilikotoka.

Msalimie bibi. Mwambie mke mwenzake anamtunzia mume kwa barua. Siwezi kuja, kuna mitihani ya kutunga.

Mkeo msomi,
Regina


Namba 34
23 Novemba 1975

Mke wangu msomi,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilikaa shuleni siku nyingi kwa sababu mwalimu mkuu alisafiri na ufunguo. Sote wazima. Mapacha wa Athanas wamekula shati lake la Jumapili, sasa anaenda kanisani na koti tupu.

Barua nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti mbele ya Athanas, ili asikie akili. Tumekubaliana: nitanunua feni, kisha nitaichomeka kwenye mgomba. Mke wangu, ulisomeshwa miaka mingapi? Umeme wa kuja upande huu unaishia mjini Morogoro. Huku tuna vibatari. Kama kuna kiyoyozi cha mafuta ya taa, niandikie bei yake.

Chokaa nilipaka. Bati likawa jeupe kama kitambaa cha altare, na joto lilipungua, sisemi uongo. Hazikupita siku nyingi Maneno akaja, ameshika kiuno.

"Babu Barto, umefanya nini? Wakubwa wa mkoa wanapita hapa na gari. Maendeleo wanayaona kwa mng'ao. Nyumba yako haing'ai."

"Waingie ndani," nikamwambia, "wayaone kwa jasho."

"Hawasimami, babu. Wanapita."

Nikapanda juu ya paa na ndoo na brashi kuosha maendeleo yangu. Goti bado linanilaumu.

Bibi yako alifika Jumapili baada ya misa, bati likiwa bado jeupe. Hakuingia kabisa. Alisimama nje, akautazama mlango, akasema, "Bado moto." Nikamuuliza, "Umejuaje na wewe uko nje?" Akasema, "Nina macho." Wewe uliyesoma nieleze, joto linaonekana kwa macho?

Na huyo wa Dar mwenye ubaridi mwingi, si ndiye Gabrieli? Mama yako anasema posa yake imekaa ndani tangu Julai, na wewe husemi ndiyo wala hapana. Kijana ana kazi, ana nyumba ya shirika Upanga, ana hilo sanduku dirishani. Sisi huku tunatafuta ubaridi kwa tochi; wewe umeletewa, na bado uko Mzumbe unatunga mitihani. Kwa nini?

Mumeo,
Bartholomeo


Mzumbe
28 Desemba 1975

Mume wangu, na fundi umeme wa migomba,

Milele, amina, shikamoo, na heri za Noeli zilizochelewa. Nilikula sikukuu na walimu wenzangu. Tulimchinja kuku mmoja tukamjadili kama muswada.

Umeme. Nilisahau umeme. Nimekaa na swichi ukutani kwa muda mrefu hata nikadhani huota zenyewe, kama uyoga. Kibaya zaidi, kabla barua yako haijanifikia nilikuwa nimeshampa kondakta wa basi la Matombo feni ya mezani akuletee. Ni mpya kabisa. Nilipewa zawadi. Usiniulize na nani.

Kwa hiyo msomi amejisahihisha. Joto linatoka kwenye bati, linawashukia vichwani. Weka kitu katikati. Mbao za dari za dukani ni ghali, na uzuri wake ni kwamba hazipo. Lakini wewe umekuwa seremala wa misheni maisha yako yote, na mianzi iko juu ya mlima inakungoja. Suka dari ya mianzi, uache nafasi kati yake na bati, utoboe matundu juu ya kuta pande zote mbili ili upepo uingie huku utokee kule. Maneno hawezi kulalamika. Haionekani kutoka ndani ya gari. Gharama ni misumari na goti.

Swali lako kuhusu Gabrieli nimelisoma. Upanga kuna joto.

Heri ya mwaka mpya. Mwambie bibi asibebe kuni kwenye mvua hizi za asubuhi.

Regina


Namba 34
18 Januari 1976

Mke wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Tuko salama, ila shangazi yako Margareth ameumwa na nyuki, na uso wake sasa una maoni mawili. Athanas amenunua shati jingine, analala nalo.

Feni ilifika pamoja na kondakta, ambaye alikataa kuondoka mpaka aione ikizunguka. Tuliiweka mezani. Tukaitazama. Majirani wakaja, wakaitazama. Maneno akaiona, akaiazima kwa ajili ya ofisi, na ofisi ikiazima haijui kurudisha. Sasa imekaa mezani kwake, uso kwa mlango, na waya wake umepitishwa dirishani na kufungwa kwenye mwarobaini. Wiki jana bwana mmoja wa mkoa alisimama kwa sababu ya pancha. Akaiona, akauliza umeme umefika lini. Maneno akajibu, "Uko njiani, mheshimiwa." Yule bwana akaandika. Basi kwenye makaratasi tuna umeme, na aliyetuletea ni wewe.

Dari nimeisuka. Sijisifu, lakini hata kanisani hawana kama ile. Matundu nimetoboa. Sasa saa nane mchana mbuzi wa Athanas wanaacha kivuli cha mwembe wanakuja kulala kwangu, na mbuzi hana sababu ya kunibembeleza.

Nikapanda mwenyewe kumchukua bibi yako. Alishuka nyuma yangu. Tulipofika alisimama palepale. Nikasema, "Ingia uone." Akasema, "Moto." Nikasema, "Josephine, mguu wako uko nje, kichwa chako kiko nje, moto unausikia kwa kitu gani?" Nilisema na mengine, kwa sauti, na majirani wakayasikia. Akafunga kanga yake, akapanda. Tangu siku hiyo hajaniletea hata salamu.

Maneno anasema mwezi wa tatu wataanza kubomoa, na nyumba yetu ya mlimani ni ya mwanzo kwa sababu inaonekana kutoka barabarani. Regina, njoo useme naye. Mimi nimechoka kula ninachopika.

Na wewe unaniambia Upanga kuna joto, nyumba yenye kiyoyozi! Yeye anaona moto akiwa nje, wewe unasikia joto mbele ya sanduku la baridi. Ama nimezeeka, ama wanawake wa ukoo huu mna kipimajoto chenu wenyewe.

Bartholomeo


Mzumbe
10 Februari 1976

Mume wangu mzee,

Milele, amina. Shikamoo. Pole kwa shangazi, pole kwa nyuki pia.

Barua yako imenikosesha raha. Kipimajoto. Nililiandika neno hilo pembeni ya karatasi nikisimamia mtihani, mwanafunzi mmoja akadhani ni jibu.

Basi nitakusimulia ya Upanga, mara moja tu, na hatutarudia. Nilikwenda kabla ya Noeli, mchana kweupe, na dada yake mkubwa alikuwepo, kwa hiyo usianze. Nyumba ni nzuri. Kiyoyozi kinanguruma dirishani kama ng'ombe aliyeshiba. Gabrieli alinionyesha kila kitu. Hapa utaweka vitabu vyako. Hapa utakaa ukisahihisha. Jikoni, kama hupendi pazia, nakuruhusu ubadilishe. Ananiruhusu, babu. Nikasema nasikia baridi, akapunguza. Nikasema sasa joto, akaongeza. Alikizungusha kile kitufe mara nyingi, mwishowe akaniuliza kwa upole, maana ni mtu mpole, na hapo ndipo penye tabu, "Regina, unataka baridi ya kiasi gani?" Nilikitazama kitufe. Kina namba, lakini nilichotaka hakikuandikwa pale. Nikashukuru kwa chai. Wakati wa kuondoka akanipa feni, ili Mzumbe nisiungue.

Nilirudi nikijiona mtoto anayedeka. Niliamini hivyo mpaka nilipomwona bibi katika barua yako, amesimama nje ya namba 34, anapima joto kwa macho.

Sasa nakupa mtihani. Kule juu, nyumba ni ya nani? Usijibu "yetu". Ardhi ni ya ukoo wa mama zake. Wewe uliingia pale na randa na blanketi, ukajenga, ukawazalia watoto wa ukoo wao, na mkigombana aliyekwenda kulala kwenye karakana ya misheni ni wewe, si yeye. Umekuwa mgeni wake tangu mama yangu hajazaliwa. Mgeni mzuri, anayetengeneza viti, lakini mgeni. Na huku chini, mlango umeandikwaje? Kwa rangi gani? Herufi za ukubwa gani? Umesahau kwamba masista walimfundisha kusoma kabla hawajakufundisha wewe kunyoosha ubao? Kila alipokuja, alisimama palepale.

Hakuna mianzi inayozuia joto hilo, babu, wala sanduku la dirishani. Bei yake ni rangi kidogo. Lakini itabidi ukamwombe Maneno, na hiyo ndiyo gharama yenyewe. Pole.

Mimi siji. Akiniona ataniuliza ya Gabrieli, na mimi nitamjibu habari za hali ya hewa. Fanya haraka. Mwezi wa tatu si mbali.

Regina


Namba 34
21 Machi 1976

Mke wangu mdogo,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu za watu wote utazipata mwisho, nina haraka ya kusema.

Barua yako nilikasirika nayo kutwa nzima. Nikaikunja, nikaikunjua. Kesho yake nikaenda ofisini. Maneno alikuwa nyuma ya feni yako.

"Nataka mlango wangu uandikwe Josephine," nikamwambia.

"Kwani babu umefariki?"

"Bado. Ila nakaribia, kwa chakula ninachokula."

"Mkuu wa kaya ni mwanamume. Ndivyo tulivyoelekezwa. Mwanamke anaandikwa akiwa hana mume."

"Andika hana."

"Na wewe nikuandike nani?"

"Mgeni wa namba 34. Kazi hiyo naijua."

Akacheka mpaka akajishika mezani. Kisha akaacha kucheka. "Wakubwa wakiuliza?"

"Maneno, mwanangu, wakubwa hawasimami ila kwa pancha. Wanaona mng'ao tu. Bati langu si linang'aa?"

Akajikuna kidevu. Akatazama feni, kama itampa shauri. Mwishowe akanisogezea kopo. "Andika mwenyewe," akasema. "Mimi sikuwepo."

Nikaung'oa mlango, nikaulaza, nikapiga randa. BARTHOLOMEO ikatoka maganda maganda, nyekundu, ikaanguka miguuni pangu pamoja na takataka nyingine za kazi. Sikudhani itauma. Iliuma kidogo. Nikaandika JOSEPHINE. Herufi zangu ni nzuri kuliko za Maneno.

Kisha nikapanda. Sikumwambia kitu. Nilikaa kwenye kigoda, nikala ugali wake, ugali wa watu, nikasema, "Huko chini mwenye namba 34 anatafutwa." Akanitazama sana. Alfajiri akashuka, kuku kwapani, figa moja la jiko lake kichwani. Mlangoni akasimama palepale. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaenda nayo mpaka ya mwisho. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikamshika kidole. Akakifuta kwenye kanga yake mpya, na hakulalamika. Akaingia.

Usidhani hadithi imeisha vizuri. Kitu cha kwanza aliinua macho. "Hii nini?"

"Dari. Ya kuzuia joto."

"Ya kufuga panya. Itoe."

Nimeitoa, Regina. Kazi yangu yote. Sasa saa nane bati linatukaanga wote wawili. Jana jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, nikamuuliza kwa upole kama yule kijana wako, "Si moto?" Akanitazama kama anayemtazama mgeni asiye na adabu. "Kwangu hakuna moto," akasema. "Anayesikia joto atoke nje."

Barua hii naiandikia barazani.

Jumanne walibomoa kule juu. Tulisikia kishindo chao, hatukupanda kutazama. Alikuwa anapika. Alikoroga ule ugali muda mrefu kuliko unavyohitaji, nami nikamtengea sahani.

Ana neno lake hapa chini. Amenipokonya kalamu.

Mumeo,
Bartholomeo

Mke mwenzangu,

Shikamoo utanipa ukija. Mume wetu amekonda, namnenepesha. Feni yako iko kwa Maneno. Umeme ukifika utaikuta imezeeka.

Habari za huyo Gabrieli babu yako amenieleza. Kama ni mpole usimfukuze, wapole ni wachache. Mwambie kwetu mwanamume ndiye anayebeba blanketi lake akamfuata mke. Akikutaka aje Mzumbe, hilo sanduku alimwachie dada yake. Usimfiche, mwambie kabisa kwamba ndani kuna joto. Atazoea.

Akishindwa, baraza si ipo?

Josephine, mwenye namba 34